Boti Niliyoishona Nyumbani

Jumamosi, 3 Agosti

Likizo imeanza. Siku ishirini na moja bila kuhesabu maboksi ya watu wengine! Nimeamka saa kumi na mbili asubuhi nikiwa mtu mpya. Mke wangu akaniuliza naumwa wapi.

Siumwi. Nina mpango.

Baba mkwe anaondoka Jumatatu ya tarehe 19. Amekaa nasi miezi saba tangu kiharusi kimshike mkono na mguu wa kushoto. Sasa ni zamu ya binti yake mkubwa, ambaye anaishi mbali, mahali ambapo maji pekee ni ya bomba. Mzee alifundisha hesabu miaka thelathini na tano, na kila Jumamosi ya miaka hiyo alikwenda ziwani na mshipi wake, akasimama juu ya mawe, akavua. Mawe hayawezi tena. Jana nilimkuta uani akisugua kutu kwenye ndoana kwa kipande cha msasa, na ndoana yenyewe haina safari. Roho iliniuma. Nikasema huyu haondoki hapa kabla hajavua samaki.

Ningeweza kumwomba shemeji. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana boti. Ya dukani, nyeupe, nyembamba, anaipangusa kwa kitambaa cha miwani. Lakini shemeji akimpeleka, sifa zinakwenda kwa shemeji, kama zilivyokwenda zile za kiti cha magurudumu. Hapana! Najenga mwenyewe. Nina mchoro. Nina plaiwudi tatu na gundi ya epoksi makopo mawili. Mchana, watu wote wakiwa mezani, nikatangaza kwamba Jumapili tarehe 18 Mzee atakuwa majini, ndani ya boti yangu.

Mzee akaweka kijiko chini. Akasema kwa sasa mpango huo anaupa mbili kwa kumi, lakini alikuwa anatabasamu kwa ule upande unaotabasamu.

Mbili! Mradi wa uyoga chini ya kitanda alianza kwa kunipa sifuri.

Jumapili, 4 Agosti

Nimepata karakana. Mke wangu ni fundi cherehani na chumba chake ni kile cha mbele, chenye milango miwili mipana inayofungukia barabarani. Katikati ipo meza yake ya kukatia: futi nane kwa nne, mbao nzito za zamani, watu wawili hawaisogezi. Boti yangu kwenye mchoro ina urefu wa futi nane, na chini ni bapa kama sinia. Tazama jinsi Mungu anavyopanga!

Nilitegemea mabishano. Hakubisha. Amehamishia cherehani yake koridoni, mahali pembamba ambapo kila anayekwenda chooni anamgonga kiwiko, kwa sababu ni kwa ajili ya baba yake. Masharti mawili tu. Meza irudi safi kama ilivyokuwa. Na mkasi wake wa kitambaa nisiuguse, hata kwa kuusogeza.

Nimeapa yote mawili. Nimemshukuru kwa maneno, kisha kwa kuosha vyombo, kisha nikavunja kikombe, akasema shukrani zimetosha.

Jumanne, 6 Agosti

Nimekata. Mbavu mbili, sakafu, kipande cha mbele, kipande cha nyuma. Nilipima mara mbili, nikachora kwa chaki ya mke wangu, nikashika msumeno. Kazi safi kabisa. Jioni nikaviegemeza pamoja nione umbo.

Kila kitu kikapishana! Mbele palikuwa papana kuliko mbavu zilivyotaka, nyuma pakapanuka kama mtu aliyeketi kwenye benchi la watu watatu. Nikamlaumu mchoraji. Nikakilaumu kiwanda cha plaiwudi. Mke wangu akaingia na chai, akatazama kidogo, akaniuliza kila ukingo nimeongeza sentimita ngapi. Nikamjibu mbili, bila shaka, za nafasi ya mshono.

Akakaa chini. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akaniuliza kama boti nayo, nikishaishona, nitaigeuza ndani nje.

Sasa mimi nifanye nini? Miaka ishirini na miwili nimewaona watu wakikata vitambaa juu ya meza hii, na hakuna hata mmoja aliyekata bila kuacha nafasi ya mshono. Ni malezi. Mzee alipoletwa kuona, alisema kosa lipo lakini ni lile lile pande zote, na kosa lenye utaratibu linasahihishika. Amenipandisha hadi tatu.

Jumatano, 7 Agosti

Sentimita mbili mbili zimeondoka. Vipande vinakubaliana. Boti ya aina hii kweli inashonwa: unatoboa matundu madogo kwenye kingo, unapitisha waya wa shaba, unakaza kwa koleo, halafu gundi na kitambaa cha nyuzi za kioo vinashika mishono yote kwa ndani.

Nilishona upande mmoja kwa saa tatu. Mke wangu akapita akielekea jikoni. Akasimama. Akasema mshono wangu ni wa mtu anayefunga gunia akiwa anakimbizwa. Akaninyang'anya koleo. Upande wa pili akaumaliza kabla wali haujaiva, waya zimelala sawasawa, huwezi kuamini ni plaiwudi. Kisha akaufumua upande wangu bila kuniuliza, akaushona upya.

Nimeandika kwenye mchoro, pembeni: ushonaji umesimamiwa na mimi.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimefanya jambo, na afadhali niliandike hapa kuliko kulisema.

Shemeji alipiga simu. Mke wangu alikuwa anampima mteja, nikapokea mimi. Anasema Jumamosi hii hana kazi, atakuja na pikapu yake amchukue Mzee, wakashinde ziwani kwenye ile boti yake. Sauti nzuri, ya upendo. Na mimi, mbele yangu boti imesimama imeshonwa vizuri, nikasikia mdomo wangu unasema daktari amemkataza Mzee jua.

Daktari gani? Jua gani? Shemeji akasema maskini baba, akashukuru kwamba tunamwangalia vizuri hivyo.

Ni siku kumi tu. Nitampeleka mwenyewe na hakuna atakayejua.

Ijumaa, 9 Agosti

Gundi. Makopo mawili: kubwa ni gundi yenyewe, dogo ni dawa ya kuigandisha. Kibandiko kinasema vipimo viwili vya gundi kwa kimoja cha dawa. Mimi nimetengeneza chai miaka arobaini bila kupima majani. Nikakadiria kwa jicho.

Ya kwanza, niliyoijaribu sakafuni, haikuganda. Asubuhi yote imebaki inanata, na ndala yangu ya kulia bado imo ndani yake. Nikasema basi, kinachopungua ni dawa. Nikachanganya ya pili kwenye beseni la kufulia, nyingi, ili nimalize mishono yote kwa mkupuo mmoja, nikazidisha dawa. Dakika kumi. Ikaanza kupata joto. Ikaanza kutoa moshi! Nikalikokota beseni hadi uani kwa fimbo, likayeyuka ubavu, na kilichomo kikawa jiwe, kijiti cha kukorogea kikiwa wima katikati. Haking'oki. Mke wangu ameanika soksi juu yake.

Jioni umeletwa mwavuli mkubwa wa bustani, wa kijani, una kipini cha kukunjia. Umetoka kwa shemeji. Ni wa kumkinga Mzee na jua. Nimeuweka nyuma ya kabati na nikashindwa kula.

Jumamosi, 10 Agosti

Mzee amechukua madaraka. Aliomba kiti chake kisogezwe mpaka mlango wa karakana, akaagiza bomba mbili za sindano kutoka duka la dawa, zile zisizo na sindano, na kikombe kipana cha bati. Akanieleza kama mwanafunzi wa nyuma kabisa. Viwili kwa kimoja si maoni, ni uwiano. Na ukichanganya kidogo kidogo kwenye chombo kipana, joto linapata pa kutokea.

Akavuta gundi kwa mkono wake wa kulia, akavuta dawa, akakoroga akihesabu kwa sauti hadi mia moja na ishirini. Tukajaribu kwenye kipande cha ubao. Saa sita baadaye hata kwa patasi hakibanduki! Mzee alikuwa anaimba puani. Miezi saba sijamsikia akiimba. Nilifurahi, kisha nikakumbuka leo ni Jumamosi ile, ambayo angekuwa ziwani tangu asubuhi, na furaha ikaniponyoka.

Jirani yetu fundi seremala amechungulia. Mtu wa maneno machache, penseli sikioni. Akaniambia kabla ya gundi nitandike nailoni kati ya boti na meza, kwa sababu gundi itapenya kwenye matundu ya waya. Nikamshukuru. Alipoondoka nikatafakari. Huyu mtu anauza makabati. Kwa nini aitakie mema boti yangu? Isitoshe nailoni hatuna, na kule pembeni kuna karatasi za kaki za mke wangu, zile anazochorea vipimo. Nene, safi, bure. Nikatandika karatasi.

Jumapili, 11 Agosti

Siku bora ya maisha yangu, ukiondoa ya harusi, na ile niliyopona malaria.

Mzee anapima, mimi napaka. Mke wangu alitoka kwenda kupeleka nguo za mteja. Kitambaa cha kioo kilitakiwa vipande virefu vyembamba, na kisu kilikuwa kinakivuruga. Mkasi ulikuwa pale. Ulikuwa unang'aa. Nilikata kipande kimoja tu. Halafu kumi na sita.

Sasa mkasi unatafuna. Nimeurudisha kwenye droo, nikaugeuzia ncha ukutani. Lakini boti! Mishono yote imefunikwa, imenyooka, imelowa gundi inayong'aa. Mzee amegonga ubavu kwa kidole akasema nne na nusu. Nimemkumbatia. Nadhani tumegandana kidogo kwenye shati.

Jumatatu, 12 Agosti

Imekauka. Ngumu kama chuma. Nikashika mbele, nikainua kidogo niigeuze nipake chini.

Meza ikainuka.

Nikaishusha. Nikasubiri kidogo. Nikainua kwa nyuma. Meza ikainuka na nyuma pia.

Jumanne, 13 Agosti

Nimejaribu patasi. Nimejaribu maji ya moto. Nimejaribu pasi ya mke wangu, na sasa pasi ina harufu. Nimejaribu kusukuma uzi wa kuvulia chini yake na kuuvuta huku na huku, uzi ukakatika. Gundi ilipenya kila tundu, ikainywesha ile karatasi, na karatasi iliyonywa epoksi, nimegundua, inashika kuliko gundi yenyewe. Ningemsikiliza seremala, leo ningekuwa napaka rangi. Asiyesikia la mkuu, na kadhalika.

Mke wangu ameuliza mbona boti haishuki. Nimemwambia gundi inapumzika.

Jumatano, 14 Agosti

Bibi harusi amekuja kujaribu gauni. Mke wangu akaingia karakana kuchukua mchoro wa mkono wa kushoto. Akatafuta rafu. Akatafuta droo, na humo akaukuta mkasi. Akaufungua, akaufunga, akausikiliza. Kisha akainama, akaona chini ya boti kiraka cha kaki kimechomoza, na juu yake mwandiko wake mwenyewe: mkono wa kushoto, ongeza nusu.

Sijaandika humu meza ni ya nani. Nimekuwa nikiogopa kuandika. Ni ya mama mkwe, marehemu. Alikuwa fundi kabla ya binti yake. Alikata juu yake nguo za mtaa mzima kwa miaka arobaini, na mke wangu alijifunza kutembea kwa kushika miguu ya meza hiyo. Alipofariki, watoto waligawana vitu, na mke wangu hakutaka kingine chochote.

Hakunigombeza. Ningeshukuru angenigombeza. Alirudi koridoni, akachukua kitambaa kisicho na kazi yoyote, akashona mstari, na juu yake mstari mwingine, mpaka giza likaingia. Mimi nimebaki na boti isiyoweza kwenda popote na Mzee anayeondoka baada ya siku tano.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee kuungama. Nimesema yote. Meza. Karatasi. Mkasi. Halafu lile la simu, kwamba mwanawe alitaka kumpeleka ziwani na mimi nikamzuia kwa daktari wa uongo, ili sifa zije kwangu. Nikamwambia nimempotezea Jumamosi yake ya mwisho, na Jumapili sina boti ya kumpa.

Nikasubiri sifuri.

Akasema Mei iliyopita shemeji alimpeleka na ile boti nyeupe. Ilikuwa inayumba kwa kila pumzi. Mkono mmoja alionao aliutumia wote kushikilia ukingo, mshipi hakuushika hata mara moja, na aliogopa kama mtoto. Hakuweza kumwambia mwanawe, maana kijana alikuwa na furaha mno. Akamwambia jua linamsumbua. Ndiyo maana wewe ulipotaja jua, akasema Mzee, aliamini papo hapo.

Tumekaa tukacheka, waongo wawili wa jua moja. Lakini alipomaliza kucheka aliitazama ile ndoana yake dirishani. Nikaona kwamba bado anataka. Hapo ndipo iliponichoma kweli.

Mke wangu alikuwa mlangoni. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alikuwa amevaa aproni yenye pini.

"Baba watoto," akasema, "meza nitapata nyingine. Baba sitapata mwingine. Kamwite seremala aikate miguu."

Nimetoka nje nikalia karibu na lile beseni lenye soksi. Nina mke mimi. Sistahili, na nimempata.

Ijumaa, 16 Agosti

Seremala amefika na msumeno wake mzuri. Hakusema "nilikwambia". Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nikakosa raha kwa kutolisikia. Akagonga, akanusa, akathibitisha kwamba plaiwudi itachanika kabla gundi haijaachia. Miguu minne ikakatwa usawa wa ubao. Mke wangu aliichukua mmoja mmoja, akaifunga kwa kitambaa, akaiweka juu ya kabati lake.

Sasa boti yangu ina sakafu mbili: yake na ya meza. Na kwa kuwa meza ni pana kuliko boti, imechomoza nusu futi kila upande. Seremala alitaka kuipunguza ilingane. Mzee, kutoka kwenye kiti chake, akasema hapana. Akaomba penseli, akachora, akaeleza kwamba kitu kipana hakipinduki kirahisi, na kwamba mabawa hayo yatalala juu ya maji pande zote mbili. Seremala akatazama mchoro, akarudisha penseli sikioni, akasema mwalimu amesema.

Kisha nikafanya kitu kigumu kuliko vyote. Nikampigia shemeji. Nikamwambia ukweli wa simu ile, wote, nikamwomba pikapu. Niliisikia saa ya ukutani kwake. Akauliza Jumapili saa ngapi.

Jumamosi, 17 Agosti

Nimepaka gundi chini na pembeni, Mzee akipima. Hakuna kilichoungua. Hakuna kilichogandana na kingine. Nimezunguka nyumba mara mbili kuhakikisha.

Jumapili, 18 Agosti

Niandike polepole.

Tulikuwa watu watano na pikapu moja. Boti imekuwa nzito kuliko kitu chochote ninachokijua. Seremala mbele, shemeji nyuma, mimi katikati nikitoa maelekezo mpaka mke wangu akaniambia nishike. Tukaishusha kwenye ufuko mdogo wa changarawe. Tukaisukuma. Nilifumba macho.

Ilielea! Ilikaa juu ya maji kama ilivyokaa miaka yote ndani ya chumba, bila wasiwasi. Shemeji alikanyaga ukingo makusudi kuijaribu. Haikuyumba. Akakanyaga tena kwa uzito wote. Haikuyumba. Akaitazama boti moja iliyokuwa pembeni mwa ziwa, ya mtu mwingine, nyeupe na nyembamba kama yake, halafu akamtazama baba yake, na nadhani mambo mengi yalimwelea hapo. Alimbeba Mzee mwenyewe, kifuani, akamketisha juu ya kiti kifupi tulichokifunga sakafuni, akamfungulia ule mwavuli wa kijani.

Mimi nilishika makasia. Tulizunguka mahali pamoja mara tatu, kisha nikagundua yanatakiwa kuvutwa yote mawili. Tukafika kwenye maji tulivu. Mzee alitupa mshipi. Mkono wa kulia kwenye mshipi, wa kushoto umelala pajani, hashikilii kitu chochote, hahitaji kushikilia. Tulikaa hivyo muda mrefu. Baadaye aliweka mshipi chini, akainama kwa taabu upande wa pembeni, akaugusa ubao wa meza palipochomoza, pale ambapo maji yalikuwa yanapita juu kidogo kidogo. Kuna alama za gurudumu la kuchorea vitambaa pale, vidoti vidoti, miaka arobaini ya vidoti. Akavipapasa.

"Mama yao hakukubali hata siku moja kupanda boti na mimi," akasema. "Miaka yote nilimwomba. Leo amekuja."

Nilijifanya nashughulika na kasia.

Alipata samaki mmoja, wa kiganja. Alimtoa ndoana mwenyewe kwa mkono mmoja, ikachukua dakika nyingi, na nilikaa juu ya mikono yangu nisimsaidie. Tuliporudi ufukoni mke wangu alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, na viatu vyake. Nikamwuliza Mzee boti anaipa ngapi. Akasema leo hasahihishi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, shemeji, seremala na mama mkwe. Nimekuwa na siku nyingi maishani na sikuwa nimezishukuru vizuri kama hii.

Jumatatu, 19 Agosti

Mzee ameondoka. Mke wangu amemsindikiza, atakaa naye mpaka Jumamosi amzoeze nyumba mpya. Shemeji ndiye anayewaendesha. Kabla pikapu haijaondoka Mzee alinyanyua ule mkono wa kushoto. Ulipanda taratibu, ukitetemeka, ukafika begani kwangu, ukakaa. Akaniita mwanangu. Miaka ishirini na miwili amekuwa akiniita "huyu bwana".

Nyumba iko kimya. Nimekaa kwenye kiti chake pale mlangoni mpaka miguu ikafa ganzi.

Jumanne, 20 Agosti

Leo nimetulia nikayapitia yote kwa akili iliyopoa, ili nipate mafunzo. Nimeyapata.

La kwanza: ule mpango wa sakafu mbili na mabawa ulikuwa wa kitaalamu sana. Sikumbuki niliufikia vipi, lakini nilikuwa nao moyoni tangu mwanzo. La pili: watu wote walifurahi. Kwa hiyo njia ilikuwa sahihi.

Na Mzee anarudi kututembelea Desemba! Amesema kwa simu. Lakini ile boti inatosha watu wawili, na juzi mke wangu alibaki amesimama majini na viatu. Haifai. Inatakiwa kubwa zaidi, ya watu wanne. Karakana kwa sasa haina meza. Nimezunguka nyumba nzima na futi ya kupimia nikitafuta kitu kipana, kizito, cha mbao ngumu. Kipo kimoja. Kitanda chetu, futi sita kwa sita na nusu, kazi ya mikono ya seremala yule yule.

Seremala mwenyewe amepita asubuhi na bunda zima la nailoni. Amenipa bure, akanitazama tu machoni. Mtu mwema yule, nilimfikiria vibaya. Nimeifunikia boti ya kwanza isinyeshewe. Kitandani shuka zinatosha.

Mlango wa chumba cha kulala una upana wa futi mbili na nusu, na boti mpya itakuwa futi nne na nusu. Lakini plaiwudi hupinda.

Mke wangu anarudi Jumamosi. Likizo imebaki siku nne. Mungu ni mwema kwangu mno. Godoro nimeshalitoa nje.